Kozi ya Uchumi wa Familia na Mlaji: Uliza Haya Kabla ya Kutuma Karo

Siku hizi karo ya chuo kikuu unailipa kwa simu ndani ya dakika moja. Kurudishiwa ndiyo kazi. Kwa hivyo kabla hujaweka PIN, hebu ichunguze kozi yenyewe. Tuchukue mfano wa shahada ambayo wazazi huiuliza mara mbili mbili: uchumi wa familia na mlaji, ambayo vyuo vingine huiita sayansi ya familia na mlaji.

Ukitaja jina hilo utaambiwa, "Hiyo si ni kupika na kushona tu?" Hapana. Ni ile sayansikimu ya sekondari, lakini imekua. Huko Marekani chama cha wataalamu wa fani hii kiliacha jina la uchumi wa nyumbani mwaka wa 1994 kikajiita cha sayansi ya familia na mlaji. Ndani yake kuna lishe, nguo na vitambaa, malezi, makazi, bajeti ya nyumba, mikopo, na haki za mlaji. Hapa Kenya haki hizo zimo kwenye Kifungu cha 46 cha Katiba, kwa hivyo si mambo ya jikoni peke yake.

Shida ni kwamba jina moja linaweza kuficha kozi mbili tofauti kabisa. Chuo kimoja kinaegemea lishe, kingine mavazi, kingine pesa za familia. Usiamini jina. Omba orodha ya masomo ya miaka yote minne. Kama mwanao anataka mambo ya akiba na mikopo, na katika miaka minne unaona somo moja tu la bajeti, hiyo si kozi yake hata kama jina linapendeza. Uliza pia cherehani ni ngapi, na wanafunzi ni wangapi.

Sasa leseni, na hapa usiharakishe. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ndiyo huidhinisha kozi, na orodha ya kozi zilizoidhinishwa iko kwenye tovuti yao. Ikiwa kozi haimo, weka simu mfukoni. Lakini hata ikiwemo, idhini hiyo haifungui kila mlango wa kazi. Anayetaka kuwa mtaalamu wa lishe lazima asajiliwe na taasisi ya wataalamu wa lishe, KNDI, kwa hivyo waulize wao kama shahada hiyo inakubalika kwao. Anayetaka kufundisha sekondari atakutana na TSC: kama shahada si ya ualimu, atahitaji stashahada ya uzamili ya elimu, na masomo mawili ya kufundisha. Hiyo ni karo nyingine juu ya karo. Afadhali uijue leo kuliko siku ya mahafali.

Twende kwa hesabu. Tuseme karo ni shilingi 30,000 kwa muhula, mihula 8: hiyo ni 240,000. Chumba cha 4,000 kwa mwezi, miezi 9 kila mwaka, kwa miaka 4, ni 144,000. Chakula cha 6,000 kwa mwezi kwa muda huo huo ni 216,000. Jumla 600,000, na bado hujahesabu nauli, vitambaa vya mazoezi wala miezi ya mafunzo kazini. Umeona? Karo yenyewe haifiki hata nusu. Mzazi anayeuza ng'ombe kulipa muhula wa kwanza bila kujua wa tatu utatoka wapi anamweka mtoto pabaya. Mkopo wa HELB husaidia, ila ni deni la kijana mwenyewe, na lina riba. Mwanao akae chini na wewe mpige hesabu hiyo pamoja. Kozi yenyewe si inafundisha bajeti?

Ukiridhika, ndipo ulipe. Nambari ya Paybill itoe kwenye tovuti ya chuo au ofisi ya fedha. Usiitoe kwa ujumbe wa WhatsApp, wala kwa "afisa" anayekupigia akisema nafasi inaisha leo saa kumi. Chuo hakihitaji PIN yako, na karo haitumwi kwa nambari ya mtu binafsi. Kwenye akaunti weka nambari ya usajili ya mwanafunzi, uisome tarakimu kwa tarakimu, kisha uangalie kama jina linalotokea ni la chuo. Likiwa jina lingine, ghairi.

Ujumbe wa malipo usiufute. Ikipita siku chache na pesa hazionekani kwenye akaunti ya mwanafunzi, msimamo wa ofisi ya fedha utategemea ile kodi ya muamala iliyo juu ya ujumbe huo.