HEWA YA NCHA ZA DUNIA HUPANDIA HUKU KWETU!

Na Mwandishi Wetu

UKIWA Peramiho mwezi Januari, habari za maji huhitaji kuhadithiwa. Mvua inamwagika, vichochoro vinakuwa utelezi mtupu, na nguo ulizoanika asubuhi unazianua jioni zikiwa mbichi vile vile.

Sasa nikikwambia kwamba hewa inayoelea juu kabisa ya barafu ya Antaktika ilipandia kwenye ukanda wetu huu wa joto, na kwamba msimu huo huo wa matope ndipo hewa inayopanda inakaushwa kuliko msimu mwingine wowote, si utasema nimechanganyikiwa? Basi kaa mkao wa kula.

Peramiho, mji uliokua kuizunguka misheni ya Wabenediktini iliyoanza 1898, uko nyuzi 10 na ushee kusini mwa ikweta. Ukanda huu wa pande mbili za ikweta, dunia nzima, ndio ngazi ya hewa. Jua linachoma, mawingu ya radi yanajaa, hewa inakwea. Ikifika kilomita 16 au 17, yaani karibu Kilimanjaro tatu ukizibebanisha, inakuta mlango. Na mlango huo, bwana wee, una baridi usipime!

BARIDI JUU YA IKWETA

Baridi hiyo ilipimwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1908 wataalamu wawili kutoka Ujerumani, Arthur Berson na Hermann Elias, walifika Ziwa Victoria na vishada pamoja na maputo yaliyobeba vipimo. Puto moja lilikaribia kilomita 20, na kipimo chake kikasoma zaidi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Ajabu ni kwamba juu ya Ulaya, kwenye theluji zao zote, hewa ya huko angani haikuwa na baridi kali kiasi hicho.

Kazi ya baridi hiyo ni kukamua. Mvuke unaganda, vipande vya barafu vinadondoka, na hewa inavuka mlango ikiwa kavu kama mfupa. Huku chini, siku ya mvua, katika kila chembe milioni moja za hewa, za maji zinaweza kuzidi 20,000. Ukishavuka mlango utakuta kama nne au tano tu.

JASHO LA CHUPA YA SODA

Sasa utapimaje maji machache namna hiyo? Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani. Inatoka jasho, sivyo? Huo ni mvuke wa hewani uliogusa kitu cha baridi. Wapimaji wanatumia mbinu hiyo hiyo: kioo kidogo kinapozwa hadi kishike utando wa barafu, na baridi iliyofikiwa wakati huo inawaambia hewa ina maji kiasi gani.

Mwingereza Alan Brewer alipanda na kipimo cha namna hiyo kwenye ndege za kijeshi miaka ya 1940. Juu ya Uingereza alikuta hewa kavu mno, kavu kuliko baridi ya pale ilivyoweza kuikausha. Mwaka 1949 akatoa jibu lake: hewa hii imekaushwa kwingine, kwenye baridi iliyo juu ya ukanda wa joto, ndipo ikasafiri. Naam, sisi ndio wenye mlango.

Safari yenyewe ni ya kobe. Kufika juu kabisa ya ncha za dunia inaweza kuchukua miaka mitano hivi. Mwaka 1996 wanasayansi waliotumia setilaiti walionyesha kwamba hewa inayopanda inabeba kumbukumbu ya msimu iliopita mlangoni: kavu zaidi ya Januari na Februari, yenye maji kidogo zaidi ya katikati ya mwaka, tabaka juu ya tabaka. Wakaifananisha na tepu ya kaseti inayorekodi. (Vijana msioijua kaseti, muulizeni mjomba.)

WEWE INAKUHUSU NINI?

Inakuhusu sana. Kwanza, mvuke ukiongezeka huko juu, unafunika joto la dunia kama blanketi. Baada ya mwaka 2000 ulipungua, na wataalamu wakakadiria kuwa upungufu huo ulipunguza kasi ya joto duniani kwa kama robo katika miaka kumi iliyofuata. Chembe chache tu hizo!

Pili, kwenye giza la majira ya baridi la Antaktika, mvuke huo unasaidia kufanya mawingu ya barafu. Juu ya mawingu hayo ndipo gesi za friji na viyoyozi vya zamani zinapopata nguvu ya kuila ozoni, ngao yetu dhidi ya miale mikali ya jua. Tundu la ozoni lilitangazwa 1985.

Tatu, mlango unaweza kurukwa. Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga, baharini Pasifiki, ilirusha juu karibu tani milioni 150 za mvuke kwa mpigo mmoja, bila kupita kwenye baridi ya kukamua. Maji ya tabaka lile la juu yakaongezeka kama asilimia kumi, na kufikia 2023 yalikuwa yametambaa hadi Antaktika. Tulijua kwa sababu setilaiti ya Aura, iliyorushwa 2004, ilikuwa bado kazini ingawa umri wake uliopangwa ulikuwa umekwisha zamani.

Hapo ndipo penye wasiwasi. Setilaiti huzeeka, na vituo vinavyorusha maputo yenye kipimo cha kioo katika ukanda wa joto ni vya kuhesabu. Nairobi wamekuwa wakirusha maputo ya ozoni tangu miaka ya 1990, na hiyo ni hatua. Lakini mwenye mlango asipoulinda, ataulizwa nini mwizi akipita?

Kwa hiyo radi ikinguruma Peramiho, anua nguo, ndiyo. Ila ujue kwamba kilomita 17 juu ya kamba yako kuna hewa inaanza safari ya kwenda Antaktika.