Dhoruba ya Jua Ikifika Beni

Je, wajua kuwa mlipuko wa Jua wa asubuhi ya 10 Mei 2024 ulifika kileleni Beni na Butembo ikiwa saa tatu kasoro dakika 6? Eksirei zake hutumia dakika 8 tu kutufikia. Zikishagonga tabaka la chini la ionosfia, yaani hewa ya juu yenye elektroni huru, mawimbi ya redio ya masafa mafupi humezwa humo upande wote wa Dunia wenye mchana. Anayeshika foni (redio ya masafa mafupi) ya parokia au ya kituo cha afya husikia mkwaruzo, akadhani betri imeisha.

Jioni hiyo, saa moja na dakika 5, wingu la chembe lililotoka kwenye Jua siku chache nyuma likaupiga uga wa sumaku wa Dunia. Dhoruba ya kiwango kile haikuwa imeonekana tangu 2003. Afrika Kusini walipiga picha za anga jekundu lililowashwa nayo. Kivu hapakuonekana kitu, maana sumaku huziongoza chembe hizo kuelekea kwenye ncha.

Lakini Butembo ina shida yake. Ikweta ya ramani inapita kusini kidogo tu ya mji. Ikweta ya sumaku, ile inayopita Ethiopia, iko mbali kaskazini. Mchana umeme wa angani huinua elektroni juu ya ikweta hiyo ya sumaku, kisha zinateremka pande mbili na kurundikana. Butembo iko chini ya mteremko wa kusini. Ishara ya GPS ikipenya rundo hilo huchelewa, na anayepima shamba la kakao kwa simu, kama wanunuzi wa Ulaya wanavyodai siku hizi, anaweza kukosea mpaka kwa mita kadhaa. Dhoruba ikilinenepesha rundo, kosa hukua.

Jua likizama, tabaka la chini la ionosfia hukonda upesi na lile zito hubaki juu. Basi mapovu yenye elektroni chache hupanda, kama mafuta yaliyofungiwa chini ya maji, na kuitikisa ishara ya setilaiti hadi karibu usiku wa manane. Haya hayangoji dhoruba: Machi na Septemba, hasa miaka Jua linapochachamaa, ni mambo ya kawaida. Tena dhoruba kubwa, ikishageuza pepo za juu na umeme wake, mara nyingine huyazuia mapovu yasizaliwe, na usiku unaofuata GPS ikatulia kuliko siku zote.