Jibu la simu lipimwe kabla ya kunakiliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu kuhusu vijana wetu wa sekondari wanaotafuta msaada wa maswali ya hisabati na sayansi kwenye mtandao. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Wengi wa vijana hao nimewafundisha mimi mwenyewe mpaka darasa la saba, na jioni bado hupita nyumbani kwangu, daftari mkono mmoja na simu ya mzazi mkono wa pili.

Nieleze kwanza jinsi mambo yanavyokwenda, maana wako wazazi wasiojua. Kijana akipewa kazi ya nyumbani ikamshinda, hulipiga picha swali lile na kulituma kwenye kundi la wanafunzi lenye mamia ya watu wasiofahamiana. Wengine huziuliza programu za akili mnemba. Baada ya dakika chache jibu limefika. Kijana hulinakili, hufunga daftari na kwenda kucheza mpira.

Sisemi kwamba kuuliza ni vibaya. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tena ziko shule ambazo mwalimu wa hisabati ni mmoja kwa vidato vyote, na huyo hawezi kumfikia kila mtoto. Watoto hao wakikimbilia simu tusiwalaumu. Ninalolalamikia mimi ni jibu kupokewa bila kupimwa.

Nitatoa mfano. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza alikuja kwangu na swali hili: 20 − 8 + 5. Alikuwa ameliuliza kwenye kundi lao. Baadhi walimjibu 7, wengine 17. Waliosema 7 walikuwa wengi zaidi, naye alikuwa tayari kuiandika 7 kama vile hisabati huamuliwa kwa kura.

Waliosema 7 walikuwa na sababu yao. Wote tulifundishwa neno MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Wakaona kujumlisha kumetajwa kabla ya kutoa, basi wakajumlisha 8 na 5 kwanza wakapata 13, kisha wakaitoa katika 20. Kumbe kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Vikikutana peke yake, hufanywa kwa kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia.

Sikumpa kijana yule jibu. Nilimwambia afikirie kwamba ana shilingi 20,000 mfukoni, akanunua mafuta ya kupikia ya shilingi 8,000, halafu shangazi yake akampa shilingi 5,000. Je, atarudi nyumbani na shilingi ngapi? Akacheka, akasema 17,000. Nikamwuliza hao wenzake waliosema 7 wamezipeleka wapi shilingi 10,000 za watu. Tangu siku ile hahitaji mtu wa kumwambia kundi lipi limesema kweli, maana kipimo anacho mwenyewe.

Ndugu Mhariri, liko jambo lingine linalowatesa vijana hawa, nalo ni lugha. Shule ya msingi ya serikali tunamfundisha mtoto kwa Kiswahili. Anajua kiasi na asili ya sehemu, anajua kipeo na kipeuo cha pili. Akiingia kidato cha kwanza anavikuta vitu vile vile vimevaa majina ya Kiingereza. Swali halielewi, analituma kama lilivyo, na maelezo yanarudi kwa Kiingereza kigumu kuliko cha swali. Atafanya nini zaidi ya kunakili mstari wa mwisho? Mara nyingi nimeona kwamba mtoto akielezwa neno moja tu kwa Kiswahili, hesabu yenyewe anaifanya bila msaada.

Kutafuta msaada wa sayansi nje ya darasa si jambo geni nchini kwetu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mkoani Tanga, aliweka mchanganyiko wa maziwa ya moto katika friza wakati wa kutengeneza aiskrimu. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa umeingia ukiwa haukuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Hakukata tamaa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile mgeni aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Wenzake walimcheka. Dakta Osborne hakucheka wala hakujifanya anajua. Aliahidi kwamba jambo hilo litajaribiwa, na likajaribiwa kweli. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza, na mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya jambo lile linaloitwa kwa jina la Mpemba.

Tujiulize, je, kama Mpemba angetumiwa jibu la mstari mmoja akalinakili na kulala, dunia ingepata nini? Alichokihitaji ni mtu wa kulichukua swali lake kwa uzito na kulipima.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwanza, wanafunzi wenyewe: kabla hujatuma swali, andika umefika wapi na umekwama wapi. Jibu likija, lirudishe ndani ya swali uone kama linakaa. Kama huwezi kumweleza mdogo wako jibu hilo limetokea wapi, bado si lako. Katika chumba cha mtihani simu haiingii.

Pili, wazazi: msiwanyang'anye watoto simu, wala msidhani kila mtoto aliyeinamia simu anasoma. Mwambie akueleze alichojifunza. Hata kama hukusoma, utajua kama anaeleza au anababaisha.

Tatu, wakubwa wanaohusika na elimu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu kwenye maktaba mtandao yake, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kitabu hakimwulizi mtoto amekwama wapi. Naomba kila kata ipangiwe walimu wa hisabati na sayansi wa kupokea maswali ya wanafunzi kwa simu, hata kwa saa moja jioni kwa zamu, na kuyaeleza kwa Kiswahili na Kiingereza. Walimu hao walipwe posho, na makampuni ya simu yaombwe kutotoza saa hiyo. Kijijini kwetu mtoto hupanda kilima kutafuta mtandao, na akifika juu hukuta salio la mzazi limekwisha.

Vijana wetu wameonyesha kwamba wana kiu ya kuuliza. Tusiwaache wanywe maji wasiyojua yametoka kisima gani.

Mwalimu wa Kijijini,
Njombe.