Kuku mu lupango: mayai ya asubuhi na matata ya Oktoba

Saa kumi na moja ya asubuhi, mbele busi ya kampuni haijafika kuchukua wale wa «poste» ya kwanza, jogoo za Katuba zimekwisha kuamsha muji. Za commune Kenya zinajibu, za Kamalondo zinafuata, na kule Ruashi ni vile vile. Mugeni anashangaa: muji wa shaba na kobalti, na karibu kila lupango iko na kuku! Siye wenyeji hatushangae. Mwenye kazi ya mine na asiye na kazi, mwalimu, polisi, mujane, kila mumoja anafuga kuku zake kumi ao makumi mbili nyuma ya nyumba, kati ya choo na kamba ya nguo.

Wazee wanakumbuka wakati mwingine. Mu kambi za Union Minière, na kisha za Gécamines, kulikuwa poso: unga, samaki, mafuta, chumvi. Kuku ilikuwa ya sikukuu ao ya kupokea wakwe. Miaka ya 1990 ikafika, kazi ya shaba ikaanguka, poso ikakauka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi mu ule mpango wa «départ volontaire», uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Kila mutu anajua jirani mumoja aliyenunua teksi na feza ile, na teksi ikakufa kwa barabara. Kuku zilibaki.

Leo vijana wetu wanaandikwa kazi mu «sous-traitance», mukataba wa miezi tatu, miezi sita. Ukiisha, unangoja simu. Ile miezi ya kungoja simu, ni mama ndiye anahesabu mayai.

Tuseme kwanza uzuri wake, maana uzuri upo. Kuku ya mugini haina masumbuko. Inajitafutia: inakula mchwa, majani, mabaki ya bukari, na ukiitupia pumba kidogo jioni inarudi yenyewe kulala. Inataga mayai kumi mupaka kumi na tano, inalalia siku 21, na siku moja unaiona inatoka chini ya malata ya zamani na vifaranga nyuma yake kama mwalimu na darasa lake. Watoto wanapigana juu ya kuzipa majina. Tunajua nyumba moja ambapo jogoo inaitwa Gavana, na hakuna mutu aliye na ruhusa ya kuichinja. Halafu siku ya kuchinja ile isiyo na jina, firigisi ni ya baba. Hapo hata ukiwa na watoto saba hakuna majadiliano.

Lakini hesabu ni hesabu. Kuku ya mugini inataga mayai 40 mupaka 60 kwa mwaka, haipite hapo. Ndiyo sababu wengi wanaruka kwenda kwa kuku ya mayai, zile nyekundu, wanazopewa ziko na siku moja mu katoni. Hizi zinataga karibu kila siku, kweli, lakini zinaanza paka kisha miezi inne na nusu ao tano. Mbele ya yai ya kwanza, kila moja imekwisha kula kilo sita ao saba za chakula. Zikianza kutaga, kila moja inakula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku makumi tatu, ni kilo tatu na nusu kila siku, Siku ya Mungu nayo imo. Mutu anayenunua vifaranga na feza yote ya mwisho wa mukataba, bila kuweka pembeni feza ya chakula ya miezi tano, atauza kuku zake ziko ndogo, kwa bei ya huruma.

Na chakula ni mahindi, na mahindi ya Lubumbashi mingi inapita Kasumbalesa. Mwaka 2024 Zambia ilikosa mvua. Tarehe 29 Februari serikali yao ikatangaza musiba wa taifa, na mavuno ya mahindi ikapunguka kupita nusu. Kule wakikosa, huku mufuko wa unga unapanda, na mama hawezi kuchukua bukari ya watoto na kutupia kuku. Hapo ndipo unaona nani alipanda mahindi yake mwenyewe ku Kafubu ao ku barabara ya Likasi.

Baridi nayo iko na hesabu yake. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu unashuka chini ya digri 10, na kifaranga ya siku moja inaomba 32 mupaka 35. Balbu ingetosha, kama hakungekuwa délestage. Basi tunaweka mbabula ya makala. Tafazali, ndugu wasomaji: mbabula isiingie mu chumba ambamo watoto wanalala pamoja na vifaranga, milango imefungwa. Ile sumu ya makala haina harufu. Mutu analala, haamke. Weka vifaranga mu fasi yao, upepo kidogo upite juu, na makala yawake vizuri inje mbele ya kuyaingiza.

Sasa tufike ku matata yenyewe. Mwisho wa wakati wa jua, wakati vumbi na upepo vinazunguka na mvua ya kwanza haijanyesha, ugonjwa unapita. Wafaransa wanauita pseudo-peste, daktari wa nyama anasema Newcastle. Asubuhi kuku moja imeinama, manyoya imesimama, inatoa maji ya kijani. Kesho kutwa tatu zinavuta pumzi na mudomo wazi, moja imepinda shingo inatazama mbinguni. Kwa juma moja lupango nzima iko kimya. Na ni Oktoba: masomo yameanza Septemba, minerval imelipwa nusu, na nusu nyingine ilikuwa inatembea kwa miguu miwili nyuma ya nyumba.

Dawa ya kuponyesha haiko. Tunarudilia: haiko. Zile kapsuli za tetrasiklini za rangi mbili zinazofunguliwa mu maji hazifanye kitu kwa Newcastle, maana ni virusi. Feza inapotea na dawa inabaki ndani ya yai ambalo mutoto atakula. Pilipili na majani ya muringa haviuwe virusi vile vile, hata kama bibi alikuwa mutu wa akili sana.

Kuna jambo lingine ambalo tunalisema bila kuficha, sababu linatuuma. Mutu akiona kuku ya kwanza inasinzia, anakamata zilizobaki na kukimbia soko. «Nitapoteza vyote?» anauliza, na tunamuelewa; mushahara haujatoka, mutoto amefukuzwa shule. Lakini mununuzi anapeleka kuku ile nyumbani, anaiweka pamoja na zake, na kisha siku tano avenue nzima inalia. Mara nyingi jirani anayelaumiwa kwa uchawi ni kuku moja tu iliyonunuliwa siku ya posho. Kuku mugeni, hata ikiwa zawadi ya shemeki, ifungwe pembeni juma mbili mbele ya kuungana na zingine.

Vaksini iko, na si ghali. Shida ni kwamba chupa imetengenezwa kwa wafugaji wakubwa: dozi 500, dozi 1,000, na wewe uko na kuku kumi na mbili. Ukiifungua, inafaa itumike kwa masaa machache tu. Inapenda baridi toka duka mupaka nyumbani, basi nenda na termosi yenye barafu. Ile ya kutia mu maji, La Sota, inauawa na klori: maji ya REGIDESO yakitoka mu robine moja kwa moja yanamaliza kazi ya vaksini mbele kuku haijanywa. Chukua maji ya kisima safi, ao tia unga wa maziwa bila mafuta, gramu mbili na nusu kwa litre. Nyimeni kuku maji masaa mawili mbele, zikuwe na kiu. Na kurudilia kila miezi tatu, si mara moja kwa maisha.

Tumebakiza jambo ambalo vitabu vya kufuga kuku vya inchi zingine haviandike, maana hawaishi kwetu. Toka 1911 fundri ya Lubumbashi ilitoa moshi, na upepo wetu, ambao mara nyingi unatoka kusini-mashariki, ulipeleka vumbi upande wa Penga-Penga na mbele yake. Bulongo ya pale imeshika shaba, zinki, na risasi, ile wanaita «plomb». Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa Universite yetu na wenzake walitoa utafiti kwamba watu wanaokaa karibu na mine na fundri za Katanga walikuwa na kobalti mingi mu mikojo, watoto kupita wakubwa.

Na kuku inaishi na mudomo mu bulongo. Risasi inayomeza inapita ndani ya yai, zaidi mu kiini. Mayai ambayo tunampa mutoto ili apate nguvu inaweza kumuletea kitu ambacho kinapunguza akili yake pole pole, na hakuna atakayeona.

Hatuseme watu waache kuku. Tunasema viatu vya mine vibaki ku mulango, na maji ya kufulia «bleu de travail» yasimwagwe fasi kuku zinachakura. Kule bulongo imechafuka, kuku za mayai zikae juu ya mbao ao sima, na chakula mu sahani, si chini. Mwenye nafasi alete bulongo safi toka mbali.

Kwa vaksini, mu avenue kazaa za Katuba famili kumi wanachanga, chupa inanunuliwa moja, na siku inawekwa mbele ya Septemba. Kuku za kutiwa tone mu jicho zinakamatwa usiku, wakati zimelala na haziwezi kukimbia. Watoto ndio wanazishika, sababu ndio wanajua zinalala wapi, na ndio wanajua Gavana inadona nani.