Bosi ameshika hundi ya kadibodi, ankara yangu iko wapi?

Kuna picha fulani hata wewe umeiona. Bosi wa kampuni amevaa tisheti juu ya shati lake la ofisi, ameshika upande mmoja wa hundi ya kadibodi kubwa kama mlango. Mwalimu mkuu ameshika upande wa pili, watoto wamepangwa nyuma wakikunja macho kwa sababu ya jua. Chini yake imeandikwa kitu kuhusu kurudisha mkono kwa jamii.

Tisheti za picha moja kama hiyo nilizichapisha mimi. Nilikuwa nimeacha chuo (karo tu, hakuna drama nyingine), nikawa na mashine ya kukodi mjini na oda ya tisheti 150 za siku ya kupanda miti. Kampuni ni kubwa, sitaitaja. Tisheti nilinunua kwa pesa za kukopa. Miti ikapandwa, picha zikapostiwa, maneno matamu kuhusu "kuinua vijana" yakaandikwa. Kijana mwenyewe nikalipwa baada ya miezi saba. Kila nikipiga simu naambiwa ankara iko kwa meza ya mkubwa, inangoja sahihi.

Hiyo sahihi ndiyo ilinifanya nianze kufuatilia haya mambo. Huwa tunasema kampuni imesaidia, kampuni imekataa, kana kwamba kampuni ni mtu wa kukutana naye kwa stage. Wapi! Kuna binadamu fulani huko juu anayeamua nani asaidiwe, nani alipwe wiki hii na nani aambiwe angoje.

Mchukue Bob Collymore, aliyeongoza Safaricom kutoka 2010 hadi alipofariki Julai 2019. Njaa ilipobisha 2011, wakfu wa Safaricom, benki ya KCB, Msalaba Mwekundu na vyombo vya habari walianzisha Kenyans for Kenya wakitafuta Sh500 milioni kwa wiki nne. Watu walituma hata shilingi kumi kwa M-Pesa, lengo likapitwa. Safi kabisa. Lakini mimi kilichonigusa ni alichofanya Desemba 2015: alitangaza mali yake hadharani, kama Sh277 milioni. Yeye si mwanasiasa wala mtumishi wa serikali. Sasa jiweke kwa viatu vya meneja wa ununuzi pale. Mkubwa wako ameanika mfuko wake nchi nzima ione, halafu wewe umwombe mtu wa tenda "kitu kidogo"? Pengine bado utaomba, sisi ni Wakenya, lakini mkono utatetemeka.

James Mwangi wa Equity naye alilelewa Murang'a na mama mjane. Si ajabu basi kwamba mpango unaojulikana zaidi wa benki yake, Wings to Fly, ulioanza 2010 pamoja na Mastercard Foundation, unalipia watoto maskini werevu masomo ya sekondari. Nawajua watu waliosomeshwa hivyo na nawaonea wivu, sitaficha. Ila huwa najiuliza: kama bosi angekuwa mtoto wa mtaa wa kifahari, hizo pesa zingeenda kwa karo ama kwa gofu?

Halafu kuna upande ule mwingine. Mwaka wa 2017 jina la Nakumatt lilikuwa kwa jezi za timu ya ligi kuu ya soka, huku rafu za supamaketi zenyewe zikibaki tupu kwa sababu waliouza maziwa na unga walikuwa wanadai mabilioni. Januari 2020 wadai wake wakapiga kura duka lifungwe kabisa. Uchumi pia ilikwama hivyo hivyo, na bodi ikamfuta mkurugenzi mkuu Juni 2015. Wale wauzaji wadogo sidhani kuna aliyewapiga picha.

Kitu ambacho wengi hatujui ni kwamba sheria inatutambua. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Kampuni ya 2015 kinamtaka mkurugenzi, anapotafutia kampuni mafanikio, azingatie wafanyakazi, jamii, mazingira, na uhusiano na wanaoiuzia bidhaa. Wanaoiuzia bidhaa! Yaani mimi na mashine yangu ya kukodi tumo. Shida ni hilo neno "kuzingatia". Mtu anaweza kukuzingatia miezi saba na kodi ya keja inakungoja.

Juzi kampuni ile ile imenitumia ujumbe WhatsApp. Wanataka tisheti 200, wanapanda miti tena. Nimewaomba nusu ya pesa kwanza. Tiki mbili za buluu tangu Jumanne, na bado sijajibiwa.