Asili au Halisi? Ugomvi wa Vipuri vya Magari ya Kale ya Uingereza

Katika Uingereza wako watu wawezao kubishana jioni nzima juu ya kichwa cha boliti moja. Boliti yenyewe haikuvunjika, wala haikushindwa kukaza. Kosa lake ni kwamba kichwani haina alama iliyokuwa ikigongwa na kiwanda kilichotengeneza boliti za gari hilo zaidi ya miaka sitini iliyopita. Watu hao ni wapenzi wa magari ya kale ya spoti: MG, Triumph, Austin-Healey, Jaguar, Lotus na Bentley. Wao hununua gari lililoliwa na kutu, wakalifungua lote hadi kubaki mifupa mitupu, kisha wakalifufua. Na kila wanapotaka kurudisha kipuri mahali pake huzuka swali lile lile: je, hiki ndicho kilichotoka kiwandani?

Huenda msomaji akacheka na kusema kwamba hayo ni mabishano ya watu walioshiba. Hata hivyo, neno lenyewe si geni kwetu. Katika kila gereji ya mji wowote mwenye gari huuliza kama spea anayouziwa ni orijino, naye huuliza hivyo kwa kuwa anajua kwamba breki ya bandia yaweza kumfikisha kaburini. Huko Uingereza swali hilo limekwenda mbali zaidi. Limefika mahakamani, limegusa mamilioni ya pauni, na limewalazimisha watu wazima kufikiri kwa makini ni kitu gani hasa kinachofanya gari liwe gari lile lile.

MAANA TATU ZA NENO MOJA

Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya ugomvi huu hutokana na kutumia neno moja kwa mambo matatu. Kwanza, kipuri cha asili chaweza kuwa kile kile kilichofungwa katika gari hilo siku lilipotoka kiwandani. Pili, chaweza kuwa kipuri cha kiwanda kile kile, cha aina na mwaka ule ule, lakini kilichotolewa katika gari jingine au kilichokaa ghalani miaka mingi bila kutumika. Tatu, chaweza kuwa kipuri kipya kilichotengenezwa hivi karibuni kwa kufuata umbo na vipimo vya kile cha zamani. Muuzaji akisema "asili" akiwa na maana ya tatu, na mnunuzi akasikia maana ya kwanza, basi fitina imekwisha kuingia.

Aidha, viwanda vyenyewe havikuwa na desturi ya kusimama mahali pamoja. Viliunganisha tu sehemu nyingi zilizotoka kwa watengenezaji wengine: vifaa vya umeme vilitoka Lucas, kabureta zilitoka SU, breki zilitoka Girling au Lockheed, na saa za dashibodi zilitoka Smiths. Mabadiliko yaliingizwa wakati wowote, hata katikati ya mwaka.

Tuchukue mfano wa Jaguar E-Type, gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Geneva mwezi Machi 1961. Magari takriban 500 ya kwanza yalikuwa na vifungio vya boneti upande wa nje, ambavyo vilifunguliwa kwa ufunguo maalumu wenye umbo la herufi T. Sakafu ya magari ya mwanzo ilikuwa bapa, hata dereva mrefu akakosa mahali pa kuweka miguu yake. Mwaka 1962 kiwanda kikaibonyeza sakafu hiyo ili kuongeza nafasi. Leo hii dosari hiyo iliyowasumbua wanunuzi wa kwanza ndiyo inayotafutwa na kulipiwa fedha nyingi. Fundi akitia sakafu iliyobonyezwa katika gari la mwaka 1961, hata kama bati lake limetoka kiwandani hapo hapo, wajuzi watamwambia kwamba ameharibu.

MG iitwayo MGB ina kisa chake. Gari hilo lilitengenezwa Abingdon tangu mwaka 1962 hadi 1980, na yalitoka zaidi ya 500,000. Mwaka 1974 bampa zake za kromiamu ziliondolewa zikawekwa kubwa nyeusi za mpira, na gari likainuliwa juu kidogo, ili kutimiza sheria za usalama za Marekani, ambako ndiko kulikokuwa na soko kubwa. Wapenzi wengi hawakuzipenda. Mpaka leo wako wanaong'oa bampa za mpira katika gari la mwaka 1976, wakatia za kromiamu, kisha wakajisifu kwamba wamelirudishia asili yake. La hasha! Asili ya gari la mwaka 1976 ni mpira. Walichofanya ni kulivika gari nguo za kaka yake.

KAMBI MBILI

Kambi ya kwanza ni ya wale washikao asili. Hoja yao ni nzito. Gari la kale, wasema wao, ni ushahidi: laonyesha jinsi wafanyakazi wa wakati ule walivyochomelea, walivyopaka rangi na walivyoshona viti. Ushahidi huo ukitupwa jaani haurudi tena. Chasisi yaweza kutengenezwa mara kumi, lakini alama ya mkono wa fundi wa mwaka 1930 hutokea mara moja tu. Kwa sababu hiyo wengi wao siku hizi hawataki hata gari ling'arishwe kupita kiasi, kwani magari mengi ya maonyesho hung'aa kuliko yalivyong'aa siku yalipotoka kiwandani. Wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Kambi ya pili ni ya wale washikao matumizi. Wao wasema kwamba gari liliundwa ili liendeshwe, na barabara za leo si zile za mwaka 1955. Hufunga alteneta mahali pa dainamo ili taa zisififie usiku, na tairi za radiali mahali pa zile za zamani. Tena wanayo hoja ambayo kambi ya kwanza haiwezi kuipangua: kuna vipuri vya asili ambavyo haviwezekani tena. Petroli yenye risasi iliondolewa katika vituo vya kawaida vya Uingereza mwishoni mwa mwaka 1999, na injini nyingi za kale zilitegemea risasi hiyo kulinda makalio ya valvu zake. Ili injini isiharibike, fundi hutia makalio ya chuma kigumu zaidi. Kadhalika, breki za magari hayo zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huua polepole kwa maradhi ya mapafu, nayo imepigwa marufuku. Hatujasikia mshika asili hata mmoja akidai arudishiwe asbesto yake.

Basi ni dhahiri kwamba hakuna anayetaka asili yote, na hakuna anayetaka kuitupa yote. Kinachogombewa ni mpaka.

GARI LILILOKWENDA MAHAKAMANI

Kesi iliyoupima mpaka huo kuliko nyingine zote iliamuliwa mjini London mwezi Julai 1990. Gari lenyewe lilikuwa Bentley Speed Six lijulikanalo kwa jina la Old Number One. Mwenyekiti wa kampuni ya Bentley, Kapteni Woolf Barnato, aliyepata kuwa ofisa wa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza, alishinda kwa gari hilo mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1929 pamoja na Sir Henry Birkin, na tena mwaka 1930 pamoja na Glen Kidston. Baadaye likatiwa injini kubwa zaidi ya lita 8. Mwezi Septemba 1932, katika mashindano ya maili 500 ya Brooklands, liliruka ukingo wa njia na dereva wake, Clive Dunfee, akauawa. Mabaki yalichukuliwa yakaundwa upya kuwa gari la barabarani.

Miaka mingi baadaye mwenye gari alikubaliana na kampuni moja kuiuzia kwa thamani ya pauni milioni 10, sehemu kwa fedha taslimu na sehemu kwa magari mengine. Kisha mnunuzi akasita. Alidai kwamba gari lile silo lililoshinda Le Mans, kwa kuwa lilikuwa limebadilishwa karibu kila kitu. Na kweli, ushahidi ulionyesha kwamba la mwaka 1929 halikusalia karibu chochote, na la mwaka 1930 vilisalia vipande vichache tu.

Jaji Otton alisikiliza wataalamu wa pande zote mbili, akachambua kila neno. Alikubali kwamba gari hilo haliwezi kuitwa la asili kwa maana kamili ya neno hilo. Lakini alikataa kwamba ni gari la kuiga. Kwa mujibu wa hukumu yake, halikufa siku moja na kufufuliwa na mtu mwingine siku nyingine. Lilibadilika hatua kwa hatua, historia yake haikukatika, na hakuna gari jingine popote lililoweza kudai jina hilo. Kwa hiyo lilikuwa halisi, na mnunuzi akashindwa.

Lugha yetu ya Kiswahili inatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Asili ni chimbuko, yaani pale kitu kilipoanzia. Halisi ni kile ambacho ndicho chenyewe, kisicho cha uongo. Kitu chaweza kupungukiwa na asili kikabaki halisi. Lakini kitu cha uongo, hata kikijazwa vipande vya asili, hakitakuwa halisi kamwe.

KIWANDA KINAPORUDI KAZINI

Jambo limezidi kuwa gumu kwa kuwa viwanda navyo vimeingia ulingoni. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutengeneza upya bodi nzima za MGB, ikitumia kalibu za chuma zilizotumika zamani kufinyanga mabati ya gari hilo. Je, bodi hiyo ni mpya au ya asili? Kalibu ni ile ile, bali bati ni la juzi.

Jaguar ilikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1960 ilipanga kutengeneza E-Type nyepesi 18 za mashindano, ikatengeneza 12 tu. Mwaka 2014 ikatangaza kwamba itatengeneza zile 6 zilizobaki, kwa namba zilizokuwa zimetengwa tangu zamani. Mwaka 2016 ikafanya vivyo hivyo kwa XKSS tisa, badala ya magari tisa yaliyoteketea kwa moto kiwandani mwezi Februari 1957. Hapo kila kipuri kimetoka kwa mwenye jina, na bado hakuna gari hata moja kati ya hayo lililouona mwaka 1957. Sisi hatuoni ubaya katika kazi hiyo, maadamu kiwanda kimetamka wazi kwamba ni magari ya mwendelezo.

MALI BILA DAFTARI

Tukiwa watu wa jeshi, tunalo jambo la kuongeza. Jeshini bunduki hutambuliwa kwa namba yake. Mtutu ukichakaa hubadilishwa, kitako kikipasuka huwekwa kingine, na bunduki hubaki ile ile katika daftari la ghala la silaha. Lakini mtunza ghala akigonga namba ya bunduki iliyopotea juu ya bunduki nyingine, huyo hakutengeneza silaha. Ametenda kosa la jinai. Tofauti kati ya fundi na mwizi haimo katika chuma. Imo katika daftari.

Ndivyo ilivyo kwa magari haya. Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Donald Healey kule Warwick ilitoa Austin-Healey 640 za aina ya 100M, zenye nguvu zaidi. Lakini vifaa vile vile viliuzwa kwa mtu yeyote aliyetaka kuvifunga katika gari lake la kawaida. Magari mawili yanaweza kusimama ubavu kwa ubavu, yakiwa na vipuri vilivyolingana, moja likawa na thamani kubwa kuliko jingine. Kinachoyatenga ni kumbukumbu za kiwanda, ambazo wenye magari hupata nakala yake katika hati ya urithi ionyeshayo namba za chasisi na injini, rangi ya kwanza na tarehe ya kutoka.

Serikali ya Uingereza nayo ilitambua hayo. Kwa miaka mingi idara ya usajili wa magari ilihesabu pointi kwa gari lililoundwa upya: chasisi au bodi 5, giaboksi 2, usukani 2, ekseli 2, springi na viungo vyake 2, na injini 1 tu. Gari lililopata pointi 8 liliruhusiwa kubaki na namba yake. Taratibu hizo zilirekebishwa mwaka 2025, lakini fundisho lake lipo: moyo wa gari, ambao wengi huudhani ni injini, ulipewa pointi chache kuliko vyote. Na Mkataba wa Turin wa shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, wahimiza kwamba kipuri kilichobadilishwa kitiwe alama ya kudumu, ili vizazi vijavyo vijue kipi ni cha zamani na kipi ni cha baadaye.

Huo ndio msimamo wetu. Kinachoweza kutengenezwa kitengenezwe kabla hakijabadilishwa. Kinachohatarisha maisha, kama vile breki, usukani na tairi, kibadilishwe bila kuona haya. Kilichotolewa kisitupwe, bali kitiwe mafuta, kifungwe na kuhifadhiwa sandukuni pamoja na gari. Na yote hayo yaandikwe: siku, kazi iliyofanywa na jina la fundi. Mali bila daftari huisha bila habari, na gari la kale lisilo na kumbukumbu hugeuka kuwa rundo la vyuma lenye jina la kuazima. Mwenye kuuza gari aliloliunda upya akasema, "Hiki ni kipya, hiki ni cha zamani," hana deni na mtu yeyote. Lakini mwenye kunyamaza, huyo amekwisha kuuza uongo, hata kama kila boliti yake ina alama ya kiwanda kichwani.