Uzuri wa Mkakasi: Chagua Gereji ya Gari la Kasi kwa Kutazama Chini ya Rangi

Ukiingia Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na gari lililobonyea ubavuni, hutafika mbali kabla ya vijana kukuzingira. Mmoja atapapasa bodi kama daktari apapasavyo tumbo la mgonjwa, kisha atakuambia: "Mkubwa, hii ni kazi ndogo sana. Niachie leo, kesho jioni unachukua ikiwa mpya." Bei atakayokutajia itakufurahisha, hasa ikiwa mwezi umefika kona na karo ya watoto inadaiwa.

Huenda kijana huyo ni fundi stadi. Wapo wengi mtaani humo na katika gereji za Kariobangi na Industrial Area ambao mikono yao inaweza kufufua bodi iliyokunjika kama karatasi. Lakini wapo pia wanaojua kazi moja tu, nayo ni kuficha. Wewe mwenye gari utawatambuaje, ilhali kazi za wote wawili zitang'aa sawasawa siku ya kuchukua gari?

Swali hili linamhusu kila mwenye gari, ila linamhusu zaidi mwenye gari la kasi. Mapenzi ya Wakenya kwa magari ya aina hii hayakuanza jana. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiendesha Subaru Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Mashindano hayo yaliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, vijana wengi waliomiminika Naivasha kuyatazama walikuwa hawajazaliwa McRae aliposhinda. Hata hivyo, Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution bado ndizo ndoto zao, na baadhi ya wazazi wamekubali kuwanunulia.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo ingefaa kubandikwa kwenye lango la kila gereji.

BODI SI KOTI

Watu wengi hudhani kwamba bodi ya gari ni kama koti: likichanika, litatiwa kiraka na maisha yaendelee. Sivyo. Katika magari mengi madogo ya siku hizi, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Haikuwekwa juu ya chesisi kama ya lori, bali mabati, nguzo na sakafu vimeunganishwa kuwa kitu kimoja kinachobeba injini, magurudumu na abiria.

Isitoshe, mifupa hiyo imepangwa kwa hesabu. Mhandisi Béla Barényi wa kampuni ya Mercedes-Benz ndiye aliyeleta wazo kwamba ncha za gari zipondeke kwa makusudi wakati wa ajali, ili zimeze nguvu ya mgongano na kukiacha imara chumba cha abiria. Kampuni hiyo ilianza kuuza magari yaliyoundwa hivyo mwaka 1959, na leo karibu kila kampuni inafuata njia hiyo.

Sasa fikiria fundi anayekutana na mhimili wa mbele uliopinda. Anaupasha moto wa gesi hadi uwe mwekundu, anaugonga kwa nyundo hadi unyooke, kisha anaupaka rangi. Kwa macho umenyooka. Lakini chuma kigumu cha magari ya kisasa kikipashwa moto kiholela hupoteza nguvu zake, na siku ya ajali nyingine hakitapondeka kwa mpango uliokusudiwa. Atakayelipa deni hilo si fundi, bali ni mtu aliyeketi ndani. Huenda akawa mwanao, au mwanafunzi atakayeuziwa gari hilo miaka mitatu ijayo bila kujua lilipitia nini.

MASWALI YA MLANGONI

Kabla hujamkabidhi mtu ufunguo, tembea ndani ya gereji yake polepole. Usivutiwe na sakafu ya vigae wala kuwadharau wanaofanya kazi chini ya mabati. Uliza haya.

Kwanza, gari litapimwa vipi? Gereji inayostahili ina kifaa cha kulishika gari na kulivuta kwa vipimo, pamoja na takwimu za kampuni iliyoliunda zinazoonyesha umbali kati ya alama moja na nyingine. Fundi akikuambia kwamba anapima kwa jicho, mshukuru na uende zako. Jicho linatosha kwa mkwaruzo wa mlangoni, lakini halitoshi kwa gari lililogongwa mbele.

Pili, je, wamezoea alumini? Boneti ya Lancer Evolution ni ya alumini, na hata baadhi ya Impreza za STI zina boneti kama hiyo. Alumini haishikwi kama chuma. Inayeyuka mapema na inahitaji mashine yake ya kuchomelea. Vumbi la chuma likinasa ndani yake, huanza kuliwa na kutu nyeupe chini ya rangi. Kwa sababu hiyo fundi makini hutenga msasa na vifaa vya alumini mbali na vile vya chuma. Akishangaa kwa nini unauliza, basi jibu umeshalipata.

Tatu, watafanya nini kabla ya kuanza kuchomelea? Jibu unalotaka kusikia ni kwamba betri itaondolewa ili umeme usiunguze kompyuta za gari, na kwamba mipira ya mafuta iliyo karibu itafunikwa au kutolewa.

Nne, mifuko ya hewa na mikanda itashughulikiwaje? Mfuko wa hewa hutumika mara moja tu. Hali kadhalika mikanda mingi ya mbele ina kifaa kinachoivuta ghafla wakati wa ajali, nacho kikishalipuka hakina kazi tena. Kuna mafundi wanaorudisha kifuniko cha usukani bila kitu ndani na kuizima taa ya onyo. Taka kuona vifaa vipya kabla havijafungwa, na taka kurudishiwa vya zamani.

Tano, tazama wapuliza rangi. Je, wamevaa barakoa zenye vichujio, au wamejifunga kitambaa puani? Rangi ngumu zinazochanganywa na kigandishi zina kemikali ziitwazo isosaineti, ambazo zinajulikana kusababisha pumu kwa wanaozivuta kila siku. Mwenye gereji asiyejali mapafu ya vijana wake hatajali mikanda ya watoto wako.

SIKU YA PRAIMA

Hili hapa ndilo jambo kubwa kuliko yote, na halikugharimu hata shilingi. Patana na fundi, kwa maandishi, kwamba utalikagua gari mara mbili kabla ya rangi kupulizwa: mara ya kwanza likiwa bati tupu baada ya kunyooshwa, na mara ya pili likiwa na praima.

Siku ya bati tupu utaona kila mahali palipochomelewa na kila mahali palipokatwa. Piga picha kwa simu yako. Uliza ni kiasi gani cha puti kitawekwa. Puti si dhambi, kwani hakuna fundi anayeweza kulainisha bati lote kwa nyundo pekee. Lakini kazi yake ni kusawazisha, nayo haifai kuzidi milimita 3 hivi. Fundi mvivu huliacha bonde na kulijaza puti kama mtu anayekandika ukuta. Baada ya miezi ya jua na mitikisiko ya barabara zetu, ukuta huo utapata ufa, maji yataingia, na bati litaoza ndani kwa ndani.

Fundi mwaminifu atafurahi kuonyesha kazi yake, kwa kuwa ndiyo pekee inayomtofautisha na jirani yake wa bei nafuu. Asiye mwaminifu atakuambia: "Mkubwa, usijisumbue, utaiona ikiisha." Ukiyasikia maneno hayo, lichukue gari lako na utafute kwingine.

Na ikiwa unanunua gari lililokwisha kupakwa rangi? Chukua sumaku ndogo, uifunge kitambaa usikwaruze rangi, kisha uipitishe juu ya bodi. Mahali inapokataa kushika, huenda kuna puti nene. Kumbuka tu kwamba sumaku haishiki alumini wala plastiki, kwa hivyo usimwite mwenye Evolution mwongo kwa sababu ya boneti yake. Kuna pia kifaa cha kupimia unene wa rangi. Rangi ya kiwandani aghalabu huwa kati ya sehemu 100 na 150 za milimita iliyogawanywa mara 1000. Ukipata 600 mlangoni, uliza kulitokea nini. Kwa magari yanayotoka kwenye minada ya Japani, dai ile karatasi ya mnada. Alama ya R au RA humaanisha kwamba gari limewahi kurekebishwa baada ya ajali.

MAPAMBO NA GHARAMA ZAKE

Wapo wasioingia gereji kwa sababu ya ajali, ila kwa hamu ya kulipamba gari: bampa pana, bawa la nyuma, rimu kubwa, springi fupi, bomba la moshi lenye mngurumo. Nairobi ina mafundi wenye vipaji kwa kazi hizi, na matatu zetu ni ushahidi tosha. Lakini aliyebobea katika kuipamba matatu si lazima awe anaelewa gari la kasi. Mpe kila mtu kazi anayoiweza.

Gari likiteremshwa sana, matuta ya mtaani yataligusa tumbo kila siku, na shoki zitakufa mapema. Rimu pana zinazochomoza nje huzipa mzigo mkubwa beringi za magurudumu na kulifanya tairi lisuguane na madigadi mnapokuwa watu watano ndani. Kwa Impreza na Evolution, ambazo magurudumu yote manne huvuta, tairi zote sharti ziwe na mzingo sawa. Ukichanganya kubwa na ndogo, mtambo wa kugawa nguvu katikati utafanya kazi bila kupumzika hadi uungue, na bei yake itakushangaza. Fundi anayekueleza haya kabla ya kupokea pesa zako ni rafiki. Anayekubali kila unachotaka ni mfanyabiashara tu.

STAKABADHI

Ukibadilisha rangi ya gari au injini yake, sharti mabadiliko hayo yaandikishwe na NTSA, ili yaliyomo katika logibuku yalingane na kilichoko barabarani. La sivyo, utaeleza mengi utakaposimamishwa na polisi.

Usisahau bima pia. Iarifu kampuni yako kuhusu kila badiliko kubwa kabla ya ajali. Ukinyamaza, inaweza kukataa kukulipa kwa madai kwamba gari ililokubali kulikinga si hilo. Na ikiwa kampuni ndiyo inayolipia matengenezo, usidhani huna la kusema kwa kuwa gereji wameichagua wao. Omba nakala ya ripoti ya mkaguzi, soma orodha ya vipuri vilivyoidhinishwa, kisha uhakikishe kwamba vilivyoandikwa kuwa vipya ndivyo vilivyofungwa.

KABLA YA KULIPA

Kalichukue gari mchana, usikubali kulipokea gizani. Litazame kutoka pembe zote juani: rangi ya mlango ifanane na ya madigadi, na mianya kati ya boneti na madigadi iwe sawa kulia na kushoto. Fungua na ufunge kila mlango. Nyunyiza maji uone kama yanaingia ndani. Kisha taka karatasi ya mashine ya kupimia magurudumu, ile inayoonyesha vipimo kabla na baada. Fundi anaweza kulificha bati lililopinda, lakini gari lililopinda mifupa mara nyingi hugoma mbele ya mashine hiyo. Mwisho, liendeshe kwenye barabara tambarare na ulegeze mikono kidogo kwenye usukani. Likivuta upande mmoja, kazi haijaisha, na salio la pesa libaki mfukoni mwako.

Na uwe na subira. Kazi ya kupima, kunyoosha, kusawazisha, kupaka praima, kuikausha na kupuliza rangi haiishi kesho jioni. Mzazi anayemharakisha fundi ili kijana apate gari la kwendea harusi Jumamosi anamlazimisha kuruka hatua, na hatua itakayorukwa ni ile isiyoonekana. Rahisi inavunja upishi, na haraka nayo huvunja mengi zaidi.

Kwa hivyo unapozunguka ukitafuta gereji, uliza bei, lakini lisiwe swali lako la kwanza. Liwe hili: "Fundi, naweza kuja kuona kabla hujapaka rangi?" Atakayekujibu, "Karibu, hata kesho," ndiye wa kuzungumza naye habari za pesa.